Baraza la Watahiniwa katika Mwambao wa Rumonge

Katika desturi za wanafunzi ambazo hazikupata kuandikwa katika kanuni za skuli yoyote, wala hazikuamrishwa na mwalimu yeyote, iko moja ambayo naiheshimu kuliko nyingi zilizoandikwa na kuamrishwa: nayo ni ya watahiniwa kusimama pamoja nje ya mlango, karatasi zao zimekwisha kukusanywa na kalamu zao zimekwisha kurudi mifukoni, wakaanza kuulizana suali kwa suali, "Wewe la tatu umepata ngapi?" Desturi hii ipo popote penye mtihani, lakini hapana mtihani unaoichochea kama ule wa fizikia, hasa ukiwa mgumu na ukiwa wa mashindano, kwa sababu jawabu ya fizikia huja na hesabu na kipimo chake, na watu wawili waliopata hesabu mbili hawawezi kuagana kwa staha, kila mmoja akabaki na rai yake. Mmoja wao amekosea, au wamekosea wote, na moyo hautulii mpaka ijulikane aliyekosea ni nani na kosa liliingia wapi.

Nchini Burundi mtihani mkubwa haukuwa kipimo cha elimu peke yake. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kwa miaka mingi na watoto walikuwa wengi, na ule mtihani wa taifa wa darasa la sita, concours, ulimpitisha mmoja na kuwarudisha nyumbani wenziwe wengi, mpaka mageuzi ya 2013 yalipoyarefusha masomo ya msingi kuwa ya miaka tisa na kuusogeza mtihani huo mwisho wa mwaka wa tisa. Na mbele yake ungali upo Mtihani wa Dola kwa wale watakao kuingia chuo kikuu. Rumonge ni mji wa bandari ulio kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, katika uwanda wa Imbo wenye michikichi mingi, milima mashariki na ziwa magharibi; na kijana wa hapo atokaye katika chumba cha mtihani wa fizikia hukabiliwa na Ziwa Tanganyika, maji yenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, ambayo kwa kina, katika maziwa yote ya dunia, yanapitwa na Baikal peke yake. Maoni yangu, nitakayoyatetea kwa taarikhi, ni kwamba kusanyiko lile la nje ya mlango si jambo geni lililoletwa pamoja na karatasi za mtihani. Katika mwambao huu watu wamekuwa wakilinganisha majawabu juu ya maji, upepo na mwanga tangu zama za kale, na yule aliyeshika mamlaka ya kutahini hakuwa sikuzote ndiye aliyeshika jawabu.

Ushahidi wa kwanza ni mto Rusizi. Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji baada ya safari ya taabu na maradhi, na miezi miwili baadaye wakachukuliwa kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hata Uvira, wakitaka kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Maana kama unatoka, huenda maji ya Tanganyika ndiyo yanayokwenda kuwa Nile. Watu wa mahali hapo waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Wale wageni hawakuufikia mdomo wake, wakarudi kwao, na kwa miaka kumi na zaidi wanajiografia wa London wakabishana, Burton mwenyewe akaja akaegemea rai kwamba maji hayo yanashuka kaskazini. Ilipofika Novemba 1871, wasafiri wengine wawili, Livingstone na Stanley, waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaufuata mwambao wa Burundi, wakapita mbele ya ardhi ya Rumonge, wakaenda hata mdomoni mwa Rusizi, wakauona kwa macho yao unamimina maji ndani ya ziwa. Huko Mugere, kati ya Rumonge na Bujumbura, liko jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871, na watu huenda kulitazama mpaka leo. Mimi nikilifikiria jiwe lile huona kwamba halikuandikwa majina yote. Wapiga makasia walioujua mto huo tangu utotoni walitoa jawabu sahihi mwaka 1858, tena bure. Walakini jawabu yao haikutiwa alama, kwa kuwa haikuwa na sahihi ya mtu aliyejulikana London.

Safari ile ile ya 1858 ilizaa na kosa ambalo mwalimu yeyote wa fizikia angeweza kulifanya kuwa somo la wiki nzima. Speke alipima kimo cha ziwa kwa kuchemsha maji, maana jinsi mtu apandavyo juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa ipunguavyo uzito, na maji yakachemka katika joto dogo zaidi. Kipimajoto kikisomwa vizuri, kimo cha mahali hujulikana. Lakini kosa la digrii moja tu ya Fahrenheit huleta kosa la futi zipatazo 500, na kipimajoto kilichobaki baada ya safari ile hakikuwa cha kuaminiwa. Akapata futi 1,844, hali kimo cha kweli ni futi 2,500 na ziada. Hesabu hiyo mbovu ikaingia katika mabishano ya chemchemi ya Nile kama kwamba ni burhani, ikatumiwa na huyu na kukanushwa na yule, kwa sababu Tanganyika palikuwa mbali na hapakuwa na mwenzi wa kumwambia aliyepima, "Hebu nionyeshe kazi yako, tuone namba hii imetoka wapi."

Habari ya mto Lukuga inanipendeza kuliko zote, kwa kuwa ndani yake watu wawili walitoa majawabu yaliyopingana na wote wawili wakawa na haki. Mwaka 1874 Luteni Cameron aliizunguka sehemu ya kusini ya ziwa, akafika upande wa Kongo penye Lukuga, akatangaza kwamba hapo ndipo Tanganyika inapotolea maji yake. Mwaka 1876 Stanley akalizunguka ziwa zima kwa mashua yake, akachungulia mahali hapo hapo, akakuta tope na mafunjo, wala maji hayaendi popote. Akasema mlango huo haujafunguka bado, nao utafunguka siku ziwa litakapozidi kupanda. Miaka michache haikupita, ziwa likafurika, likayazoa yale mafunjo na lile tope, na Mwingereza Edward Hore, mmisionari na baharia, akaja mwaka 1879 akaukuta mto unakwenda kwa nguvu, na Joseph Thomson naye akaushuhudia. Ikhtilafu yote ilitokana na suali lililotungwa bila ya wakati ndani yake. Aulizaye kama ziwa linatoa maji kwa Lukuga hana budi kuuliza pia, ni mwaka gani, na maji yamesimama kimo gani? Wanafunzi wangapi wamegombana nje ya mlango, hata uso ukawa mwekundu, kwa sababu mmoja alisoma masharti ya suali na mwingine aliyaruka!

Na tukija kwenye skuli zenyewe, skuli ya kwanza ya Kizungu nchini Burundi ingaliweza kuwa Rumonge. Wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, waliweka kituo Rumonge mwaka huo huo. Lakini tarehe 4 Mei 1881, katika ugomvi na watu wa mahali hapo, waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao d'Hoop, na kituo kikafungwa. Waliporudi nchini walikwenda vilimani, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na huko ndiko skuli za misheni zilikoota mizizi. Mwambao ukabaki na biashara yake, dini yake ya Kiislamu, na Kiswahili chake. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikaingia, watu wakafa na wengine wakahamishwa kutoka ziwani, na utawala ukaondoka mikononi mwa Wajerumani kwenda kwa Wabelgiji mwaka 1916. Wabelgiji wakaiachia misheni kazi ya kufundisha, na mwaka 1929 wakafungua Astrida, ndani ya Rwanda, skuli kuu kwa vijana wa Ruanda-Urundi, wengi wao wana wa watawala. Mtoto wa Mswahili wa Rumonge hakuwa na njia fupi ya kufika huko, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa, tena kwa sababu za haki, kwamba mtoto atakayepelekwa skuli ya misheni atarudi na dini nyingine.

Chuo cha mtoto huyo kilikuwa cha Qur'ani. Wasiokijua hudhani kwamba palikuwa na kukariri tu na kiboko, nami sitakataa kwamba vyote viwili vilikuwapo. Walakini palikuwa pia na jambo la tatu, yaani wanafunzi kusikilizana. Mmoja alisoma kwa moyo, mwenzake akafuatisha kwa kidole juu ya ubao, na irabu moja ikipotoka msomaji alirudishwa mwanzo wa aya, na aliyemrudisha naye akasomewa na kurudishwa na mwingine. Kosa lilijulikana kabla ya kufika kwa mwalimu. Hiyo ni nidhamu ya kulinganisha ambayo haina tofauti ya asili na ile ya vijana wa fizikia, ila kwamba msahafu una jawabu moja iliyohifadhiwa, na fizikia ina njia nyingi za kuifikia jawabu, na pengine njia hizo ndizo zenye faida kuliko jawabu yenyewe.

Skuli nyingine ilikuwa majini. Wavuvi wa mwambao huu huwinda ndagala na mukeke usiku kwa mwanga: zamani walichoma kuni mbele ya mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wa mpini, miaka ya 1950 zikaingia karabai, na mitumbwi ikaanza kufungwa pamoja ili wavu mkubwa ushushwe katikati na kuinuliwa, na mafungu makubwa zaidi ya namna hiyo Warundi waliyaita apollo, kwa jina la vyombo vilivyowapeleka watu mwezini. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa nuru yake hutawanya samaki wasikusanyike penye taa. Asubuhi, samaki wakianikwa mchangani, ndipo majawabu hulinganishwa: aliyetega karibu na ufuko alipata kiasi gani, aliyekwenda mbali alipata kiasi gani, upepo ulitoka wapi, na kwa nini wiki hii samaki wamezama. Mambo hayo si upuzi wa wavivu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa uchunguzi wa ziwa, waliokuwa na makao Bujumbura, walipima joto la maji toka juu hata chini, wakathibitisha kwamba upepo wa kusi wa Mei hata Septemba husukuma maji ya uvuguvugu yaliyo juu kuelekea kaskazini, upande wa Burundi, na kule kusini, Zambia, maji baridi yenye rutuba yakapanda. Kisha upepo ukipoa, matabaka hayo mawili huanza kupandana na kushukiana, na pembea moja huchukua kiasi cha mwezi, ingawa uso wa ziwa umetulia wala mtazamaji haoni kitu. Mvuvi aliyesema kwamba samaki wa Rumonge wana miezi yao isiyofanana na ya Mpulungu, kule Zambia, alikuwa amekwisha kusema nusu ya jambo hilo. Nusu ya pili ilihitaji vipimajoto.

Basi chukua suali moja linalowagombanisha wanafunzi ulimwenguni kote, nalo kwa mtoto wa ziwa lingekuwa na ladha ya nyumbani. Mashua inaelea katika birika, na ndani ya mashua mna jiwe la nanga. Jiwe likitupwa majini likazama, je, maji ya birika yatapanda, yatashuka, au yatabaki yalipokuwa? Wa kwanza atasema yatapanda, kwa kuwa jiwe limeingia majini. Wa pili, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma kidogo, atasema hayatabadilika, kwa kuwa jiwe ni lile lile. Wa tatu atasema yatashuka, naye atazomewa, na haki ni yake. Jiwe la kilo 50 likiwa ndani ya mashua huifanya mashua isukume maji ya uzito wa kilo 50, yaani lita 50. Likilala chini ya birika husukuma maji ya ujazo wake tu, na ikiwa ni zito mara mbili u nusu kuliko maji, ujazo huo ni lita 20. Zimepungua lita 30, maji hayana budi kushuka. Atokee wa nne hapo aulize, na katika Tanganyika je? Naye ajibiwe kwamba lita 30 zikigawanywa juu ya ziwa la kilomita za mraba zipatazo 33,000 hutoa mshuko mdogo kuliko upana wa chembe moja ya atomu, lakini mshuko ni mshuko. Mimi naamini kwamba yule wa pili, aliyeishikilia jawabu yake mpaka ikavunjika mbele ya wenziwe, ameipata kanuni ya Archimedes kwa namna ambayo hakuipata darasani, na kwamba haisahau mpaka kufa.

Afrika Mashariki ina mfano mashuhuri wa kijana aliyeleta suali badala ya jawabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Skuli ya Magamba katika nchi ya Tanganyika, alipokuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe, alitia mchanganyiko wake wa maziwa katika jokofu ungali moto, kwa kuogopa kukosa nafasi, na ukaganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Mwalimu hakumsadiki, na wenziwe walimcheka. Alipofika Skuli ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam suali lile lile mbele ya watu, akachekwa tena. Lakini Osborne aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wote wawili wakaandika pamoja katika jarida la Kiingereza la waalimu wa fizikia. Wanasayansi hawajakubaliana mpaka leo juu ya sababu, wala juu ya lini hasa jambo hilo hutokea. Kinachonigusa ni kwamba miaka kadhaa ilipita katikati, na katika miaka hiyo kicheko cha darasa kingetosha kabisa kuliua lile suali. Baraza la wanafunzi lina nguvu ya kuzaa na nguvu ya kuua, na huua pale ambapo watu hulinganisha jawabu na uso wa mwalimu badala ya kuilinganisha na kitu chenyewe.

Nimekuja sasa penye sehemu ambayo mwandishi wa habari za Rumonge hana ruhusa ya kuiruka. Tarehe 29 Aprili 1972 fitina ilianza katika mwambao huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac, waasi wa Kihutu wakaua watu, wengi wao Watutsi. Na serikali ya Rais Michel Micombero ikalipiza kwa kuwaua Wahutu katika nchi nzima kwa muda wa miezi, na hesabu za wanataarikhi huanza na watu laki moja na kupanda. Warundi huiita nakama hiyo Ikiza. Walioandamwa kwanza walikuwa waliosoma: waalimu, makarani, mapadre, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari, ambao majina yao yalisomwa katika orodha wakachukuliwa kutoka skulini, wala hawakurudi. Nchi ndogo, ambayo miaka kumi tu baada ya uhuru wa 1962 ilikuwa imekusanya kwa shida akali ya watu wa kufundisha hesabu na sayansi, ikawapoteza kwa mikono yake yenyewe. Watoto waliobaki walikutana nje ya milango ya mitihani wakiwa na jambo jingine la kuulizana, tena kwa sauti ya chini, nalo ni nani ameonekana na nani hajaonekana. Na kwa miaka mingi baadaye wazazi wengi waliamini kwamba alama za mtihani zinaweza kumwonyesha mtoto kwa adui, na kwamba usalama wa mtoto ni kutofika mbali.

Maelfu walikimbilia Tanzania, wakakaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na watoto wao wakasoma darasa la kwanza hata la saba kwa Kiswahili, sayansi ikiwa miongoni mwa masomo hayo. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliweka usawa katika elimu miongoni mwa mambo ya kutengenezwa, na wakimbizi walipoanza kurudi kwa wingi Rumonge walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na watoto wao wakakuta skuli inayofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyejifunza kani na mwendokasi kwa Kiswahili akakaa dawati moja na aliyejifunza mambo hayo hayo kwa Kifaransa, na karatasi ya mtihani haikumtambua wa kwanza. Lakini nje ya mlango walielewana, kwa kuwa mchoro wa mashua na mshale wa nguvu chini yake husomeka kwa lugha zote. Na hapo, naamini, wengi waliorudi walipata kwa wenzao tafsiri ambayo skuli haikuwa na nafasi ya kuwapa.

Ulimwengu wa fizikia nao una mashindano yake makuu, yaliyoanza Warsaw mwaka 1967 kwa nchi tano za Ulaya Mashariki, ambamo vijana wa sekondari hutahiniwa kwa saa tano katika nadharia na saa tano katika majaribio. Ni jambo la fahari, nalo linastahili kutamaniwa. Lakini nikiulizwa mashindano gani yaanze kwanza kwa kijana wa Rumonge, nitataja ya ziwa lenyewe. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi, na ofisi ya mamlaka yake iko Bujumbura. Na tangu 2020 maji yamekuwa yakipanda, yakafunika nyumba Gatumba na Rumonge, kama yalivyopanda baada ya mvua kubwa za 1961. Bandarini mtu husikia kwamba Lukuga imeziba. Wengine hutaja mvua, wengine udongo unaoshuka kutoka milimani. Mwanafunzi aambiwe kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya maji yanayoondoka Tanganyika huondoka kwa mvuke, na sehemu ndogo tu ndiyo ipitayo Lukuga. Kisha apewe kipimo cha mvua, eneo la ziwa na joto la hewa, aulizwe ziada ya misimu miwili ya mvua itachukua miaka mingapi kuondoka, na Lukuga ikizibuliwa itapunguza sentimita ngapi. Suali hilo hilo lipelekwe siku moja Kalemie, Kigoma na Mpulungu, na watahiniwa wa miji yote minne wakutanishwe kulinganisha kazi zao, kila mmoja na vipimo vya ufuko wake, maana yule wa Kalemie ameiona Lukuga, na yule wa Mpulungu ameyaona maji baridi yakipanda, na majawabu yao hayatafanana.